Homa kwa Mtoto Mwenye Usonji: Mzazi Aone Nini, Afanye Nini

Wazazi wengi wanaolea watoto wenye usonji wamekuwa wakieleza jambo linalowashangaza: mtoto anapopandwa na homa, tabia yake hubadilika, na wakati mwingine hubadilika kwa namna inayofanana na nafuu. Mtoto asiyetazama watu usoni hutazama. Asiyetulia hutulia. Asiyependa kushikwa huja mwenyewe kifuani mwa mama yake, na mwenye maneno machache huongeza moja au mawili. Homa ikishuka, hali ya awali hurejea.

Maelezo hayo si ndoto ya mzazi aliyekesha na mgonjwa. Yamechunguzwa na wataalamu, na sehemu yake imethibitika. Hata hivyo, katika mkoa wenye malaria nyingi kama Tabora, jambo hilo lina hatari yake. Mzazi anayemwona mtoto ametulia anaweza kuchelewa kumpeleka kituo cha huduma za afya, ilhali malaria humaliza nguvu za mtoto kwa muda wa saa, si wa siku. Makala haya yanaeleza yale yanayofahamika kuhusu homa na usonji, na hatua ambazo familia ya kijijini, kwa mfano iliyopo Kata ya Goweko wilayani Uyui, inaweza kuzichukua.

Usonji kwa maelezo mafupi

Usonji ni hali inayohusu ukuaji wa ubongo, ambayo huanza mapema katika maisha ya mtoto na kuathiri mawasiliano, uhusiano wake na watu, na namna anavyopokea sauti, mwanga, ladha na mguso. Hali hiyo ilielezwa kitaalamu mwaka 1943 na Daktari Leo Kanner, aliyechapisha taarifa za watoto 11 aliowachunguza mjini Baltimore, Marekani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2021 takriban mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala hautokani na malezi mabaya, laana au uchawi. Watoto wenye hali hiyo hutofautiana sana. Wapo wanaozungumza vizuri na kufanya vyema darasani, na wapo wasiozungumza kabisa na wanaohitaji msaada wa kila siku. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya taarifa za mzazi kuwa muhimu, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua tabia ya kawaida ya mtoto wake.

Goweko na historia ya homa

Goweko ni kata iliyo kando ya Reli ya Kati, upande wa mashariki wa mji wa Tabora, katika ukanda uliopitiwa na misafara ya kale iliyotoka pwani kuelekea Unyanyembe. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo, safari ilikuwa ya miguu, na homa ilikuwa sehemu ya safari. Henry Morton Stanley alipofika Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871 aliugua homa kali, na David Livingstone alikaa mahali hapo kwa miezi kadhaa ya mwaka 1872. Wakati huo chanzo cha homa hiyo hakikufahamika. Ilipofika mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, akiwa nchini India, alipogundua vimelea vya malaria ndani ya mbu.

Leo chanzo kinajulikana, kipimo kipo na dawa ipo, lakini mzigo bado ni mkubwa. Utafiti wa Taifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa kiwango cha maambukizi ya malaria kwa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano kilikuwa takriban asilimia 8 kitaifa. Kwa Mkoa wa Tabora kiwango hicho kilikuwa takriban asilimia 23, ambacho kilikuwa cha juu kuliko mikoa mingine yote. Kwa maana hiyo, homa ya mtoto katika eneo kama Goweko, hasa katika msimu wa mvua unaoanza takriban mwezi Novemba hadi Aprili, ichukuliwe kuwa huenda ni malaria mpaka kipimo kioneshe vinginevyo.

Yaliyobainika kuhusu homa na tabia

Mjadala wa kitaalamu kuhusu homa na usonji ulichochewa na wazazi wenyewe. Mwaka 1980, Ruth Christ Sullivan wa Marekani, mzazi na mtetezi wa watu wenye usonji, alilifikisha suala hilo katika jarida la kitaalamu la usonji. Mwaka 1985 mwanasayansi Rodney Cotterill aliliandikia jarida la Nature kuhusu jambo hilohilo. Kwa miaka mingi baada ya hapo, ushahidi ulibaki kuwa simulizi za familia.

Desemba 2007 jarida la Pediatrics lilichapisha matokeo ya utafiti wa Laura Curran na wenzake, uliofanyika Baltimore. Watafiti hao waliwafuatilia watoto 30 wenye usonji waliopata homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, na kuwalinganisha na watoto 30 wenye usonji wasiokuwa na homa. Wazazi walijaza dodoso wakati wa homa na baada ya homa kwisha. Zaidi ya asilimia 80 ya watoto waliopata homa walionesha mabadiliko fulani ya nafuu, yakiwemo kupungua kwa hasira, kuhangaika, kurudiarudia vitendo na kutamka maneno yasiyo na mahali pake. Mabadiliko yote yalikuwa ya muda.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2018 ulitumia taarifa za watoto 2,152 wenye usonji. Safari hii, asilimia 17 ya wazazi walieleza kuwa watoto wao hupata nafuu wanapokuwa na homa. Tofauti kati ya takwimu hizo mbili isimchanganye msomaji. Utafiti wa kwanza uliwafuatilia watoto wachache kwa karibu, na kuhesabu hata badiliko dogo lililoonekana siku za homa. Wa pili uliwauliza wazazi wengi kukumbuka yaliyopita. Jambo linalokubalika kwa pande zote ni kwamba hali hiyo hutokea kwa baadhi ya watoto, wala si kwa wote, na haidumu.

Kwa sababu hiyo, mzazi ambaye hajawahi kuona badiliko lolote hana sababu ya kudhani kuwa mtoto wake ana tatizo la ziada, na aliyeliona asidhani kuwa mtoto amepona. Vilevile, homa haiwezi kutumika kuthibitisha au kukanusha kuwa mtoto ana usonji.

Sababu zinazochunguzwa

Mtu anaweza kudhani kuwa mtoto hutulia kwa sababu amechoka. Uchovu una sehemu yake, kwani utafiti wa mwaka 2007 ulionesha kuwa watoto wenye homa walikuwa wanyonge zaidi. Hata hivyo, unyonge pekee hauelezi ni kwa nini baadhi yao huzungumza zaidi au hutafuta kuwa karibu na watu.

Mwaka 2020, watafiti wa vyuo vya MIT na Harvard nchini Marekani walichapisha katika jarida la Nature majaribio waliyoyafanya kwa panya. Panya walioonesha dalili zinazofanana na za usonji, kutokana na kinga ya mwili ya mama zao kuchochewa wakati wa ujauzito, walichangamana zaidi na wenzao walipochochewa hali inayofanana na maambukizi. Watafiti walihusisha badiliko hilo na kemikali ya kinga ya mwili iitwayo interleukini-17a, ambayo hufika kwenye ubongo na kutuliza sehemu fulani. Kupandisha joto la mwili peke yake hakukuleta matokeo hayo. Hii ni hatua ya maabara. Haijazaa dawa ya kumpa mtoto, na mwili wa panya si mwili wa binadamu.

Homa si tiba

Historia ya tiba inatoa onyo katika suala hili. Mwaka 1927 Daktari Julius Wagner-Jauregg wa Austria alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuwatibu wagonjwa wa kaswende iliyofika kwenye ubongo kwa kuwaambukiza malaria, ili homa iwasaidie. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, na wengine waliuawa na malaria hiyo. Njia hiyo iliachwa baada ya kupatikana kwa penisilini.

Kwa hiyo, ni kosa kumwacha mtoto mwenye usonji na homa ili nafuu ya tabia iendelee, na ni kosa kubwa zaidi kutafuta njia ya kumpandisha joto. Mtoto akiwa na homa apimwe na atibiwe ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Nafuu ya tabia itaondoka pamoja na homa, lakini mtoto atabaki, na hilo ndilo lengo la tiba.

Malaria kali na athari zinazobaki

Upo pia upande mwingine wa ushuhuda wa wazazi. Wapo wanaoeleza kuwa mtoto alikuwa akikua vizuri, akaugua homa kali, kisha akapoteza maneno na kujitenga. Mwaka 2006 jarida la kitaalamu la usonji lilichapisha taarifa ya Raili Mankoski na wenzake kuhusu watoto 20 nchini Tanzania, ambao 14 kati yao walikidhi vigezo vya usonji. Miongoni mwao walikuwemo watoto kadhaa ambao dalili zao zilianza karibu na wakati walipougua malaria kali.

Idadi hiyo ni ndogo, na haithibitishi kuwa malaria husababisha usonji. Usonji kwa sehemu kubwa huhusishwa na vinasaba, na dalili zake mara nyingi huonekana katika umri uleule ambao mtoto huugua malaria mara kwa mara. Jambo lenye ushahidi mzito zaidi ni kwamba malaria inayofika kwenye ubongo huacha madhara. Utafiti uliofanyika Kampala, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2008, ulibaini kuwa miaka miwili baada ya kuugua malaria ya ubongo, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kumbukumbu, umakini au uwezo wa kujifunza.

Kwa sababu hiyo, mtoto aliyepoteza maneno au ujuzi baada ya homa kali hapaswi kuachwa kwa maelezo kwamba "ndivyo alivyo". Arudishwe kwa mtaalamu, na mzazi aeleze mtoto alikuwa akifanya nini kabla ya ugonjwa. Kwa mkazi wa Goweko na maeneo jirani, njia ya kawaida ni kuanzia zahanati au kituo cha afya, kisha kupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tabora Kitete inapohitajika.

Mtoto asiyeweza kusema anaumwa

Tatizo lililo kubwa zaidi kwa familia nyingi ni ugonjwa usioonekana. Mtoto asiyezungumza hawezi kusema kichwa kinamuuma. Huenda akajipiga kichwa, akauma mkono wake, akakataa chakula anachokipenda, akaziba sikio moja, akakesha, au akaanza kujisaidia nguoni ingawa alikwisha kuacha. Wapo pia ambao hawaoneshi maumivu kama wengine, hivyo hucheza wakiwa na joto kali.

Kanuni ya kumsaidia mzazi ni hii: tabia mpya iliyoanza ghafla itafutiwe kwanza sababu ya mwili. Mzazi amguse mtoto, ampime joto kwapani, atazame masikio, meno, koo, tumbo na ngozi, na aangalie choo na mkojo wake. Kufunga choo, maumivu ya jino na maambukizi ya sikio ni mambo yanayoweza kumfanya mtoto aonekane mkaidi kumbe anateseka. Joto la nyuzi 37.5 au zaidi likipimwa kwapani ni homa, na mtoto apelekwe kupimwa.

Dalili zifuatazo ni za hatari na hazisubiri asubuhi: degedege, kupoteza fahamu au kulegea kusiko kwa kawaida, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, na kupumua kwa shida. Kwa mtoto mwenye usonji, utulivu wa ghafla unapaswa kupimwa kwa swali moja: je, ametulia na anaitika, au ametulia na haitiki? Anayeitika, anayetazama na kunywa ana homa inayohitaji kipimo siku hiyohiyo. Asiyeitika yuko katika hatari ya maisha.

Kuhusu degedege, ikumbukwe kuwa watoto wenye usonji wako katika uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kifafa kuliko watoto wengine. Mtoto alazwe kwa ubavu mahali salama, asiwekewe kitu chochote mdomoni, muda uangaliwe, na apelekwe kituoni mara moja. Katika jamii nyingi degedege imehusishwa na ndege au mapepo, na imani hiyo imewapeleka watoto kwa waganga wakati malaria ikiendelea kuwadhuru.

Daftari la mzazi

Ushuhuda wa mzazi huwa na nguvu zaidi unapoandikwa. Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila mtoto anapougua, mzazi aandike tarehe na saa homa ilipoanza, kiwango cha joto kama kipimajoto kipo, dawa aliyopewa na saa aliyoipata, chakula na usingizi wake. Kisha aandike tabia kwa nyakati tatu: siku chache kabla ya homa, wakati wa homa, na wiki moja baada ya homa kwisha.

Maandishi yawe ya mambo yaliyoonekana. Badala ya kuandika "alikuwa afadhali", aandike "aliitwa mara tatu, akageuka mara mbili" au "alisema maji". Mzazi asiyejua kuandika anaweza kumwomba mwanafunzi wa nyumbani au mhudumu wa afya ngazi ya jamii amwandikie. Mwenye simu yenye kamera anaweza kurekodi picha fupi za video. Kumbukumbu hizo, zikiambatana na kadi ya kliniki, humsaidia mtaalamu kutofautisha usonji, kifafa, athari za malaria kali na maumivu yaliyojificha.

Kituoni na nyumbani

Foleni, kelele na kuchomwa kidole vinaweza kumtisha mtoto mwenye usonji hadi kipimo kishindikane. Mzazi amweleze mtoa huduma mapema kuwa mtoto ana usonji, na aombe kusubiri mahali penye utulivu. Mtoto abebe kitu anachokipenda, na aelezwe kwa maneno machache kitakachofanyika. Nyumbani, wakati akiwa mzima, azoeshwe kuwekewa kipimajoto kwapani ili siku ya homa isiwe ya kwanza.

Kipimo kikionesha malaria isiyo kali, mtoto hupewa dawa mseto kulingana na uzito wake, kwa siku tatu. Vidonge vya watoto vinavyoyeyuka katika maji humfaa asiyeweza kumeza. Dawa itolewe pamoja na chakula au maziwa, na akiitapika ndani ya nusu saa dozi hiyo irudiwe kwa maelekezo ya mtoa huduma. Dozi ikamilishwe hata kama mtoto anaonekana amepona. Kipimo kisipoonesha malaria, mzazi asiondoke na dawa ya malaria "kwa tahadhari", bali sababu nyingine ya homa itafutwe, ikiwemo nimonia na maambukizi ya njia ya mkojo au ya masikio.

Baadhi ya watoto wenye usonji hukataa chandarua kwa sababu ya mguso wake. Azoeshwe kidogo kidogo mchana, kwa kucheza ndani yake, kabla ya kulazimika kulala humo usiku.

Chanjo zisiachwe

Homa ndogo baada ya chanjo imewatia hofu baadhi ya wazazi. Madai kuwa chanjo ya surua husababisha usonji yalitokana na andiko la mwaka 1998 katika jarida la The Lancet, ambalo jarida hilo lilifuta mwaka 2010. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano huo. Surua yenyewe huleta homa kali na inaweza kudhuru ubongo, hivyo mtoto mwenye usonji anahitaji chanjo kama mtoto mwingine yeyote.

Haki na huduma

Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inatambua haki ya watu wenye ulemavu kupata huduma za afya, elimu na marekebisho bila kubaguliwa. Mzazi anashauriwa kumwona afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kwa ajili ya utambuzi na maelekezo ya huduma, na kuwasiliana na walimu ili shule ifahamu dalili za ugonjwa za mtoto wake. Maelezo kuhusu huduma za afya yanapatikana pia kwa kupiga simu ya bure ya Wizara ya Afya, namba 199.

Kwa kifupi, wananchi wanakumbushwa mambo matatu: homa ya mtoto ipimwe ndani ya saa 24 hata kama tabia yake inaonekana kuwa njema, badiliko la ghafla la tabia litafutiwe sababu ya mwili, na kile mzazi anachokiona kiandikwe na kupelekwa kituoni pamoja na mtoto.